Hapa Mnakula Wangapi?

Wanangu wa ofisi ya kata, mmeniomba niwaandikie machache kabla hamjaanza kupita nyumba kwa nyumba kukusanya takwimu, na mimi sikujivunga hata kidogo. Mstaafu ukimuuliza habari za kazi yake ni kama umemfungulia bomba. Nilikuwa afisa maendeleo ya jamii kwenye miteremko hii ya Meru mpaka nywele zikageuka rangi, na sehemu ya kazi niliyoipenda kuliko zote ni hiyo hiyo wenzangu waliyoikimbia: kwenda kujua nani anaishi wapi, na nani, na anaishije.

Nianze na hili. Mkifika nyumbani kwa mzee, msimuulize ana watoto wangapi. Wengi huku hawapendi watoto wao wahesabiwe kama mikungu ya ndizi, na kwa Waarusha wa upande wa magharibi wa mlima ndiyo usithubutu kabisa. Muulize majina. Mwambie akutajie wa kwanza, kisha aliyemfuata, kisha aliyemfuata huyo. Wewe hesabu moyoni. Atakutajia wote, mpaka yule aliyekwenda Dar akanyamaza, na atakwambia kila mmoja alikuwa na tabia gani akiwa mdogo. Utachelewa, ndiyo. Lakini utaondoka na jibu la kweli na maparachichi kwenye mkoba.

Umri nao una njia yake. Bibi akisema hajui mwaka aliozaliwa, usimkadirie kwa makunyanzi, maana mlima huu una watu wenye miguu ya vijana na nyuso za kale. Muulize siku ya kipaimara chake kanisa lilikuwa limeezekwa kwa nyasi au bati, na alisimama na nani mbele ya mchungaji. Mara nyingi mmoja wa hao aliosimama nao bado yupo, na cheti chake anacho kabatini.

Na siku ya soko la Tengeru msisumbuke kupanda huko juu. Mtakuta mbwa tu.

Mimi mwenyewe ni mzaliwa wa Machame. Kimachame na Kimeru ni ndugu wa karibu, basi miezi yangu ya mwanzo nilisikia mengi ambayo wenyeji hawakujua kuwa nayasikia. Niliwahi kukaa kwenye benchi la ofisi ya kijiji huku wazee wawili wakijadiliana kwa Kimeru kama mwanamke mwembamba hivi atauweza mteremko wa kwao. Walipomaliza niliwasalimu kwa Kimachame, nikawaambia tutajua tukifika juu. Mmoja alicheka mpaka akavua kofia. Tangu siku hiyo nilikuwa binti yao.

Kazi yenyewe nilifundishwa na afisa niliyemkuta, mama mmoja mnene mwenye pumzi fupi, ambaye alitembea polepole na kupata majibu mengi kuliko sisi tuliokimbia. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba kaya si nyumba wala si ukoo. Kaya ni watu wanaokula pamoja na kusaidiana maisha. Kwa hiyo alikuwa hamuulizi mtu anaishi na nani. Aliuliza, "Hapa mnakula wangapi?" Akiuliza alikuwa anatazama jiko.

Mtadhani ni rahisi. Tuliwahi kwenda kusaidia kata moja ya upande wa pili wa mlima, nikaingia kwenye boma la Mwarusha mwenye wake wawili, kila mke na nyumba yake na jiko lake. Mke mkubwa akasema mume anakula kwake, aandikwe kwake. Mke mdogo akasema amekula kwake jana na juzi, na ushahidi wa mifupa upo. Mimi nikabaki katikati ya uwanja na kalamu yangu, mpaka mume mwenyewe akatokea, mzee mrefu na fimbo yake. Nikamwamkia, nikamuuliza aandikwe wapi. Alifikiri kwa muda, akasema wiki hii yote amekuwa akilala kule chini na ng'ombe wake, kwa sababu ya fisi. Wake wote wawili walicheka kwa pamoja, na nikajua kwamba katika boma hilo hakukuwa na ugomvi wowote. Walikuwa wananichezea mgeni.

Sasa niwaeleze habari ya Bibi Elirehema, maana ndiyo hasa niliyotaka kuisimulia.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya kazi yangu, vishikwambi vilipoanza kutufikia. Halmashauri ilitaka kila kata ionyeshe wazee wanaoishi peke yao, ili wahudumu wa afya wa jamii wawe wanawapitia. Lilikuwa jambo jema na nililifanya kwa moyo. Nilipanda kitongoji kimoja cha juu kabisa, karibu na msitu, njia ya miguu tu, kahawa na migomba kushoto na kulia. Mwenyekiti wa kitongoji aliitwa Gadieli, mwanaume wa makamo, mpole, mwoga wa maneno ya watu. Yeye ndiye aliyeniongoza.

Kwa Bibi Elirehema tulifika karibu na chakula cha mchana. Alikuwa mjane, mfupi, ana kilemba safi na fimbo, kwa sababu msimu wa mvua uliotangulia alianguka njiani akaumia nyonga. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba na kunipa kigoda. Nikamuuliza hapo nyumbani wanakula wangapi.

Akasema yuko peke yake.

Sikuandika. Nilikuwa natazama jiko, kama nilivyofundishwa. Juu ya mafiga palikuwa na sufuria ya machalari inayotosha watu wa shambani, ndizi na nyama vinatokota taratibu. Pembeni, sahani mbili zimefunikwa kwa kitambaa. Vigoda navyo vilikuwa viwili, na kile nilichokalia kilikuwa kirefu, cha mtu mwenye miguu mirefu. Nikamwambia Bibi chakula kinanukia. Akasema yeye hula sana.

Kati ya boma lake na la jirani palikuwa na ua wa masale, ile mimea tunayopandia mipaka, na katikati ya ua huo palikuwa na mwanya, ardhi yake imekanyagwa ikawa laini. Gadieli akaniongoza tuzunguke kwa njia kubwa. Mimi nikapita kwenye mwanya.

Huko alikaa Mzee Anaeli, mjane naye, aliyewahi kuwa fundi seremala kwenye shamba kubwa la kahawa. Alikuwa mrefu, mkimya, anarekebisha mpini wa jembe. Nikamwomba nione jikoni kwake. Akasema hakuna haja, lakini nilikwisha kuchungulia. Katikati ya mafiga yake alikuwa amelala kuku, anaatamia mayai, na kwa alivyonitazama alikuwa na uhakika kwamba hakuna atakayewasha moto hapo.

Nikamuuliza Mzee anakula wapi. Akasema anakula. Nikamuuliza tena, wapi. Akasema palipo na chakula.

Tulipotoka, Gadieli alinisihi. Alisema kila mtu kitongojini anajua, ila hakuna anayesema, kwa kuwa ni watu wazima na ni washarika wazuri kanisani. Akaniomba niandike kaya mbili za mtu mmoja mmoja, yaishe. Ndipo aliponieleza habari zao. Mke wa Mzee Anaeli alipofariki, Bibi Elirehema alikuwa akimpelekea chakula kama jirani yeyote. Baadaye Mzee akasema sahani zitavunjika kwenye masale, afadhali aje kulia huko huko. Akaanza kumkatia ng'ombe wake majani. Akamtengenezea mlango. Siku Bibi alipoanguka, mvua inanyesha na njia ni tope tupu, Mzee alimbeba mgongoni mwenyewe mpaka barabarani, akikataa kusaidiwa na vijana, akakaa naye hospitali mpaka alipoweza kusimama.

Nikamuuliza Gadieli tatizo liko wapi basi. Akasema tatizo ni Emanueli.

Emanueli alikuwa mtoto wa kwanza wa Bibi. Alikuwa na duka la vipuri mjini Arusha na nyumba nzuri Moshono. Alimpenda sana mama yake, na tangu alipoanguka hakulala vizuri. Alikwisha kuamua kwamba Jumamosi atakuja na gari lake kumchukua akaishi naye moja kwa moja, maana haiwezekani mama aishi peke yake mlimani. Bibi hakutaka kuhama. Lakini mwanaye alipomuuliza sababu, alisema ni ng'ombe. Emanueli akasema ng'ombe atauzwa. Bibi akanyamaza, kwa sababu sababu ya kweli ilikuwa ng'ambo ya masale na hakuwa na jina la kuipa.

Wakati wa makaratasi ningeacha nafasi wazi, nikaweka kistari, nikashuka. Zamani tulificha mambo mengi kwa vistari. Kishikwambi hakikubali kistari. Usipojaza, hakikufungulii ukurasa unaofuata. Nikamwambia Gadieli nitarudi Jumamosi.

Jumamosi tulikuta gari limeachwa chini barabarani na Emanueli tayari yuko uwanjani, jasho linamtoka, amebeba sanduku la mama yake begani. Bibi alikuwa amekaa mlangoni na nguo za kanisani. Uso wake sitaki kuueleza. Emanueli alinisalimia kwa adabu, akaniomba msamaha kwa haraka zake, akasema nimekuja wakati mzuri. Akaniambia niandike kwamba mama anaishi peke yake, mzee na mgonjwa wa nyonga, ili mama mwenyewe asikie kwamba hata serikali inaona.

Nilikaa kwenye kile kigoda kirefu. Nikafungua kishikwambi. Nikamgeukia Bibi, si mwanaye.

"Bibi, hapa mnakula wangapi?"

Alitazama mikono yake. Kuku walikuwa wanaparua chini ya migomba, na Gadieli alikohoa ambapo hapakuwa na haja ya kukohoa.

"Wawili," Bibi akasema.

Emanueli alishusha sanduku. Akamuuliza mama yake wawili akina nani. Bibi hakumjibu yeye, alinijibu mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyeuliza. Akasema wa kwanza ni yeye, na ndiye mkuu wa kaya, niandike hivyo. Wa pili ni Anaeli.

Nikaandika. Kishikwambi kikataka uhusiano wa mtu wa pili na mkuu wa kaya. Nikamsomea majibu yaliyopo: mume au mke, mtoto, mzazi, ndugu, mfanyakazi wa nyumbani. Kila nililosoma alitikisa kichwa. Likabaki moja. Nikamsomea: asiye na uhusiano.

Hapo Bibi alisimama, bila fimbo.

"Asiye na uhusiano? Huyo alinibeba mgongoni. Usimwandike hivyo."

Emanueli alimtazama mama yake kama mtu aliyekuta chumba kingine ndani ya nyumba aliyozaliwa. Akasema taratibu kwamba yeye aliambiwa ni majirani waliombeba. Bibi akamwambia ni jirani mmoja.

Na huyo jirani mmoja ndipo alipotokea kwenye mwanya wa masale na mzigo wa majani begani, maana ulikuwa wakati wa kumlisha ng'ombe. Alituona wote. Aliona sanduku. Sidhani alisikia yote, lakini alisikia ya kutosha. Alitua majani, akajikung'uta shati, akasogea mpaka mbele yangu.

"Andika mchumba," akasema.

Nikamwambia mchumba hayumo kwenye majibu, Mzee.

"Basi usiandike bado," akasema. Akamgeukia Bibi, na mzee huyu ambaye sikuwahi kumsikia akiunganisha sentensi mbili, akasema, "Elirehema, nimechelewa kukuuliza. Nilidhani unajua. Nakuuliza sasa, mbele ya mwanao na mbele ya serikali."

Bibi alimwambia kwanza akae, chakula kinapoa. Kisha akasema ndiyo. Alilisema hilo ndiyo akiwa amempa mgongo, anapakua, lakini sote tulilisikia.

Emanueli aliondoka. Alishuka kwenye kahawa akasimama huko peke yake, na mimi nikaogopa, kwa sababu mwanaume akishtuka anaweza kusema neno ambalo baadaye halirudi. Bibi aliendelea kupakua. Hakuna aliyeonja. Hata Gadieli alikuwa amegeukia msitu kana kwamba anahesabu miti.

Emanueli aliporudi, macho yalikuwa mekundu. Alimwamkia Mzee Anaeli shikamoo, kama vile ndiyo kwanza wanaonana. Akamuuliza kama watoto wake mwenyewe wanajua. Mzee akasema binti yake anayefanya biashara Maji ya Chai ndiye anayeleta vitunguu na nyanya za jiko hilo. Emanueli akasema, "Kumbe mimi tu ndiye nilikuwa sijui." Halafu akamuuliza mama yake kwa nini hakumwambia, nani angemzuia?

Bibi alimwambia aliona haya. Alisema mtu anaweza kumwambia mwanaye habari za njaa na ugonjwa, lakini hajui pa kuanzia kumwambia kwamba ana furaha.

Emanueli alivuta ndoo, akaigeuza, akaikalia, akaomba sahani. Tulikula wote machalari ile, na niwaambie ukweli, ilitutosha na ikabaki. Sanduku lilirudi ndani.

Msidhani mengine yalikuwa mteremko. Wazee wa koo mbili walikaa, na shamba likazungumzwa, maana shamba la marehemu lina wenyewe. Ilikubaliwa kila upande ubaki na mipaka yake na watoto wa kila upande wasihofu kitu. Kulikuwa na mjomba mmoja aliyeuliza kwa sauti kubwa kwamba watu wa umri huo wanaoana ili iweje. Binti wa Maji ya Chai, mwanamke wa sokoni asiyeogopa mjomba wa mtu, akamjibu kwamba wanaoana ili wale chakula kikiwa cha moto. Mjomba hakuuliza tena.

Mchungaji alisoma matangazo ya ndoa kanisani, na kila Jumapili aliyoyasoma kanisa lilijaa kuliko ile iliyotangulia, kwa kuwa watu walitaka kumwona Mzee Anaeli akitazama sakafu. Siku ya harusi Emanueli ndiye aliyemsindikiza mama yake mpaka madhabahuni, hatua za polepole kwa ajili ya nyonga, na kwaya ikarudia wimbo mpaka wakafika. Wajukuu wa pande zote mbili walivaa sare ya rangi ya maziwa. Mchungaji alipomuuliza bwana harusi kama anakubali, Mzee alijibu kabla swali halijaisha. Ndiyo mara pekee kanisa lile nililiona likicheka na kulia kwa pamoja, na mimi niliyejifanya niko kikazi nilikuwa nimelowa mpaka kwenye kola.

Baada ya harusi tulikula loshoro ya mahindi na maziwa ya mgando, na nyama, kwenye uwanja ule ule, ua wa masale umepanuliwa ili watu wapite. Emanueli alinivuta pembeni. Aliniambia kwamba wiki zote zile za kumwazia mama yake yuko peke yake, alikuwa akimwona gizani, ameanguka, anaita. Sasa akilala anawaona wanabishana kuhusu chumvi.

Jumatatu nikapeleka halmashauri marekebisho ya orodha ya awali ya kitongoji, iliyomtaja kila mmoja peke yake. Kijana wa takwimu, msomi mzuri na mwangalifu, alinipigia simu kwa sauti ya pole. Alisema ameona kitongoji kile cha juu kimepungukiwa wazee wawili wanaoishi peke yao, akauliza kama wamefariki wote.

Nikamwambia hapana, wameoana.

Akaniuliza kama kweli hilo hutokea. Nikamwambia ajaze, kishikwambi kitakubali.

Ndiyo maana nawaambia, wanangu, mnapoingia kwenye boma la mtu msiwe na haraka ya kufika kwenye ukurasa wa mwisho. Swali dogo la serikali wakati mwingine ndilo la kwanza mtu huyo kuulizwa kwa miaka mingi. Subirini jibu. Mkae mahali mnapopewa, mle mnachopewa, na mkiambiwa "niko peke yangu" mtazame jiko kabla ya kuandika.

Nilidhani habari imeishia hapo. Lakini haikupita muda, Gadieli akaja ofisini kwangu. Alikataa kiti. Alisimama mlangoni akiizungusha kofia yake, akaulizia mvua, akaulizia afya yangu, akaulizia mvua tena. Nikamwambia aseme alichojia.

"Ni mama yangu," akasema. "Anauliza mtarudi lini kuhesabu. Anasema ile mara ya kwanza hakujibu vizuri."